Kuandaa mchezo wa uhusika si kupanga ubao: mwongozo kamili kwa mwendeshaji mpya

Fungua boksi la Catan, mchezo wa ubao wa Klaus Teuber uliotoka mwaka 1995, na kila unachohitaji kinahesabika. Vigae 19 vya ardhi, vibao 18 vya namba, na kila mchezaji makazi 5, miji 4 na barabara 15. Aliyezoea hupanga vyote hivyo kwa dakika chache, na akimaliza anajua kwa yakini kwamba amemaliza. Kikikosekana kigae, pengo linaonekana. Mshindi naye anajulikana atapatikanaje: wa kwanza kufikisha pointi 10.

Mtu huyohuyo akiombwa na marafiki awaendeshee mchezo wa uhusika, ule ambao kila mmoja anashika mhusika wake na mwendeshaji anashika dunia nzima iliyobaki, anachukua daftari na kujiuliza swali alilozoeshwa na boksi: niweke nini mezani? Basi anachora jumba la vyumba 40, kila chumba na zimwi lake. Wachezaji wanafika, wanasikia habari za jumba, wanashauriana kidogo, kisha wanaamua kwenda bandarini kumsaka fundi aliyelijenga. Ramani haifunguliwi.

Wachezaji hao hawajakosea kitu. Mchezo wa ubao huandaliwa mara mbili: kwanza na mbunifu, aliyeujaribu na kuurekebisha mpaka ukakaa sawa, halafu na wewe unayetoa vitu kwenye boksi. Kazi nzito ilishafanyika kabla yako. Mchezo wa uhusika unakupa kitabu cha kanuni na kukuachia nusu ya pili ya ubunifu. Unachoandaa sicho kitakachoonekana mezani. Ni yale ambayo wachezaji hawajayajua bado: nani anataka nini, siri gani imefichwa, na kitatokea nini wao wasipoingilia. Hatua zinazofuata ni za kikao kimoja cha saa tatu hadi nne, wachezaji watatu hadi watano.

Hatua ya 1: Soma kanuni chache, lakini ziwe zenyewe

Kijitabu cha mchezo wa ubao husomwa chote, maana kanuni moja ikirukwa hesabu ya wote inaharibika. Kitabu cha mchezo wa uhusika kinaweza kufika kurasa 300, na sehemu kubwa ni orodha za silaha, viumbe, uchawi na bidhaa, ambazo mtu huzitafuta siku akizihitaji. Soma mambo manne: dadu zinarushwaje na matokeo yanasomwaje, mhusika anatengenezwaje, mtu akiumia inakuwaje, na ule mfano wa mazungumzo ya mchezo ambao vitabu vingi huuweka. Huo wa mwisho watu huuruka, na ndio unaoonyesha kazi yako ilivyo.

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa uhusika, toleo la 2014, mchezaji hurusha dadu ya pande 20, anaongeza namba ya uwezo wa mhusika wake, na analenga namba uliyoiweka: 10 kwa jambo rahisi, 15 kwa la wastani, 20 kwa gumu. Ukizishika namba hizo tatu, umeshika kipande kikubwa cha kikao. Apocalypse World ya Vincent Baker, ya mwaka 2010, inatumia dadu mbili za pande sita: 10 au zaidi umefanikiwa, 7 hadi 9 umefanikiwa lakini kuna gharama, 6 kushuka chini mambo yanakugeukia. Kwa anayeanza napendelea mifumo ya aina hii ya pili. Ile daraja ya katikati inakusukumia tukio jipya karibu kila dadu zinaporushwa, hata kama hukuwa umeandaa kitu.

Kuwafundisha wachezaji ni jambo jingine kabisa. Kwenye ubao unaeleza kanuni zote kabla ya zamu ya kwanza, kwa sababu asiyezijua hawezi kupanga mbinu. Hapa usitoe mhadhara. Mchezaji akisema "nauruka ukuta", mwambie ni dadu gani arushe. Atakuwa amejifunza.

Hatua ya 2: Kubalianeni mambo ambayo boksi lingewaambia

Boksi la ubao lina mkataba wake pembeni: idadi ya wachezaji, umri, dakika. Wote wanaokaa mezani wameshakubali bila kusema. Mchezo wa uhusika hauna pembeni pa kuandika hayo, kwa hiyo myazungumze. Wazoefu huita mazungumzo haya kikao sifuri. Yanaweza kuchukua nusu saa kabla ya kuanza au kufanyika kwa ujumbe wa simu wiki moja kabla.

Amueni ladha ya kisa: cha kutisha, cha kuchekesha, cha upelelezi, cha vita. Mchezaji mmoja akija na mchawi mwenye huzuni ya miaka mia na mwenzake akaja na bata anayezungumza, wote wawili wana haki, ila hawako kwenye mchezo mmoja. Amueni pia kama wahusika wanaweza kufa, na kama wanaruhusiwa kusalitiana. La kusalitiana limevunja makundi mengi, kwa sababu waliozoea ubao huchukulia kwamba kumshinda jirani ndiyo shughuli yenyewe.

Halafu kuna mipaka. Kwenye ubao baya kubwa linaloweza kukupata ni kete yako kuliwa. Hapa mtu yeyote anaweza kuleta chochote kwa kinywa chake, na mwenzake akakumbushwa jambo ambalo hakuja kulikumbuka. Njia iliyozoeleka ni ya mistari na mapazia, iliyoanzia kwa mbunifu Ron Edwards: nyuma ya mstari ni mambo yasiyoingia kabisa kwenye mchezo, na nyuma ya pazia ni yanayoweza kutokea lakini hayaelezwi kinagaubaga. Nyingine ni kadi X ya John Stavropoulos. Kadi yenye herufi hiyo inawekwa katikati ya meza, na anayeigusa, jambo lililokuwa linasimuliwa linaondolewa bila yeye kudaiwa maelezo. Inachukua dakika mbili kueleza. Ieleze hata kama mnajuana tangu utotoni.

Hatua ya 3: Wahusika kwanza, kisa baadaye

Kwenye Pandemic, mchezo wa Matt Leacock wa mwaka 2008, unachota kadi ya kazi bila kuchagua. Pengine unatokea kuwa daktari, pengine mtafiti, na mchezo unaenda vizuri tu kwa sababu ubao ulishatengenezwa ukubali kazi yoyote. Wewe huna ubao wa namna hiyo. Ukiandika kisa cha fitina za ikulu halafu wachezaji wakatengeneza wavuvi watatu na mlinzi wa kaburi, itabidi uwasukume hatua kwa hatua usiku kucha.

Waache watengeneze wahusika wao kabla hujaandika chochote, ikiwezekana wakiwa pamoja. Kisha muulize kila mmoja maswali mawili: nani mezani hapa mhusika wako anamwamini, na kwa nini? Ni kitu gani angekipigania hata bila malipo? Andika majibu neno kwa neno. Asilimia kubwa ya maandalizi yako itatoka humo.

Tuseme umepata watatu: mzamiaji aliyeacha kazi baada ya ajali, mwizi mstaafu mwenye deni, na mganga ambaye kaka yake ni baharia. Nitawatumia hawa mpaka mwisho.

Hatua ya 4: Andaa hali, usiandae hadithi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ambapo mazoea ya ubao huumiza zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, kundi la wapenzi wa michezo ya vita vya mezani huko Minnesota, Marekani, lilikusanyika kucheza mchezo ulioandaliwa na mwenzao David Wesely. Badala ya kuwapa majeshi tu, Wesely aliwapa baadhi yao watu wa mji unaoitwa Braunstein, na kila mtu alikuwa na shabaha yake mwenyewe. Wachezaji hawakungoja zamu. Walimvuta pembeni mmoja mmoja, wakala njama, wakaulizia mambo ambayo hakuyaandika popote. Wesely aliona mchezo umemharibikia. Wenzake wakataka mwingine. Mmojawao alikuwa Dave Arneson, ambaye mwaka 1974 alitoa Dungeons & Dragons pamoja na Gary Gygax.

Angalia Wesely alikuwa ameandaa nini kilichozaa vurugu ile: watu na matakwa yao. Hadithi haikuwepo. Ilitoka kwenye matakwa kugongana.

Basi chukua karatasi moja na uandike hali katika sentensi mbili. Mfano wangu: taa ya mnara wa Ras Mwewe imezimika, na mlinzi wake hajaonekana. Meli mbili zimeshapasuka kwenye mwamba, na ya tatu, yenye kaka yake mganga ndani, inatarajiwa usiku wa tatu kuanzia leo.

Chini yake andika watu watatu au wanne, si zaidi. Kwa kila mmoja mistari mitatu: anataka nini, ana uwezo gani wa kulipata, na atafanya nini asipozuiwa.

Kasimu, mnunuzi wa mizigo ya meli zilizovunjika. Anataka taa ibaki gizani mpaka meli ya tatu ivunjike. Ana vijana sita na mashua. Asipozuiwa, usiku wa pili atawasha moto wa uongo upande wa mwamba.

Rehema, binti wa mlinzi. Anataka baba yake asinyongwe. Ndiye aliyezima taa, baada ya Kasimu kumtishia kwa hati ya mauaji ya zamani yenye jina la baba yake. Asipozuiwa, atamtorosha baba yake kwa ngalawa na hatawasha taa.

Diwani Shomari. Anataka kesi iishe kabla wakaguzi hawajafika. Ana askari na muhuri. Asipozuiwa, atamfunga mtu wa kwanza anayeweza kusingiziwa, na mwizi mstaafu anafaa kabisa.

Hakuna mahali nilipoandika wachezaji watafanya nini. Wanaweza kumteka Kasimu, kumnunua Diwani, kuwasha taa kwa nguvu, kumsaidia Rehema kutoroka, au kuogelea mpaka kwenye meli. Kwa kila njia ninajua wengine wataitikiaje, kwa sababu ninajua wanachotaka. Ukijikuta unaandika "kisha wachezaji wataenda…", futa sentensi hiyo. Weka badala yake mtu mmoja ambaye angependa waende huko na mwingine ambaye asingependa.

Kipimo changu ni hiki: kila mtu kwenye karatasi agombane na angalau mmoja wao, na angalau mmoja amguse mhusika wa mchezaji moja kwa moja. Hapo Diwani anamgusa mwizi, meli inamgusa mganga. Mzamiaji amebaki nje, kwa hiyo naongeza kwamba hati ile ya mauaji imo ndani ya kasha lililozama na meli ya kwanza. Tayari ana kazi ambayo wengine hawaiwezi.

Hatua ya 5: Siri, na njia tatu za kuifikia

Kadi ya siri kwenye mchezo wa ubao haipotei. Imo kwenye fungu, na fungu likichotwa vya kutosha itatokea. Siri ya mchezo wa uhusika inaweza isijulikane kamwe, kwa sababu tu hakuna aliyefikiria kufungua kabati.

Piga hesabu. Mchezaji ana nyongeza ya 3 na umeweka ugumu wa 15. Anahitaji 12 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani matokeo 9 kati ya 20, asilimia 45. Ukiwa na kidokezo kimoja tu, kuna uwezekano wa asilimia 55 kwamba kisa kinakwama mlangoni. Ukiwa na vidokezo vitatu katika sehemu tatu, kila kimoja kikiwa na ugumu huohuo na wakavijaribu vyote, uwezekano wa kuvikosa vyote unashuka hadi kama asilimia 17. Justin Alexander, mwandishi anayejulikana sana kwa wanaoendesha michezo hii, ameifanya kanuni: kila jambo unalotaka wachezaji walijue, liwekee vidokezo vitatu.

Mimi naongeza kwamba kidokezo ambacho bila hicho hakuna kinachoendelea hakistahili dadu hata kidogo. Kitoe. Dadu ziamue wanakipata kwa gharama gani, au wanajua nini cha ziada.

Kwa siri ya "Rehema ndiye aliyezima taa": mafuta ya taa yamemwagwa kwenye mtaro nyuma ya nyumba yake, mikono yake ina majeraha mapya ya moto, na mvuvi mmoja aliona kivuli kifupi juu ya mnara, ilhali mlinzi ni mrefu. Usivifunge vidokezo kwenye mahali pasipohamishika. Wasipomtafuta mvuvi, habari ya kivuli inaweza kusemwa na mtoto sokoni.

Hatua ya 6: Weka saa

Pandemic inajua kuwabana wachezaji. Kabla ya kuanza unachagua kadi za mlipuko 4, 5 au 6 za kuchanganya kwenye fungu, na ugumu wa mchezo mzima umeshapangwa hapo. Kwenye uhusika ukosefu wa shinikizo ndio hugeuza kikao kuwa saa mbili za kujadiliana kama waingie kwa mlango wa mbele au wa nyuma.

Blades in the Dark ya John Harper ina kifaa rahisi ambacho unaweza kukihamishia mchezo wowote: duara lililogawanywa vipande 4, 6 au 8. Kila wahusika wanapopoteza muda au dadu zikiwakataa, jaza kipande. Kikijaa cha mwisho, jambo baya linatokea. Kwa Ras Mwewe ninachora duara moja la vipande 6 na kuliandika "meli ya tatu yafika". Liweke wazi mezani wote walione. Hapa kuficha hakusaidii: wachezaji wakiona vipande viwili vimebaki, mjadala wa mlango unaisha wenyewe.

Tofauti na kadi zile, ugumu hapa unaurekebisha ukiwa ndani ya mchezo. Wakichoka, mjaze mtu mwingine hofu akimbilie kwao na habari. Wakipeta, Kasimu awashe moto wake mapema. Ila usibadilishe yaliyokwisha kusemwa kwa sauti. Lililosemwa limekuwa kweli.

Hatua ya 7: Dakika kumi za kwanza

Kama kuna sehemu ya kuandika neno kwa neno, ni hii, na iwe sentensi nne au tano tu. Anza jambo likiwa linatokea: usiku, wahusika wako ufukweni, magogo na mapipa yanasukumwa na mawimbi, mtu anapiga kelele kutoka majini, na vijana wa Kasimu wanaokota mizigo bila kumtazama. Kisha nyamaza na uulize, "Mnafanya nini?"

Kuanzia hotelini ambako mgeni anakuja kuwapa kazi kumechakaa. Tena kunawafundisha kungoja kuambiwa.

Pembeni andika majina kumi ya watu yasiyo na wenyewe. Mchezaji atamuuliza tu jina muuza samaki ambaye hukumfikiria, na ukisitasita wote watajua kwamba huyo hana umuhimu. Andika pia mahali pawili au patatu na kitu kimoja cha kuhisiwa katika kila pahali: ngazi za mnara zina utelezi wa mafuta, ofisi ya Diwani inanuka nta ya muhuri.

Meza yenyewe

Hiki ndicho kipande kinachofanana na ubao, na ndicho kifupi. Seti ya dadu za mfumo wenu, penseli, karatasi ya kila mhusika, maji. Ramani ya miraba inahitajika tu pale ambapo nafasi ya mtu inaamua jambo, kama kwenye mapigano ya Dungeons & Dragons, ambako mraba mmoja huhesabiwa kuwa futi 5. Vifungo vya shati vinatosha kuwa askari. Angalia tu kwamba ukitandaza ramani wachezaji wanaanza kuhesabu miraba na kuacha kuzungumza, kwa hiyo itandaze kwa makusudi na uikunje vita ikiisha.

Kuna michezo iliyokaa katikati. Gloomhaven ya Isaac Childres ina wahusika wanaokua kikao hadi kikao, lakini kila chumba na kila adui vimo ndani ya boksi, kwa hiyo iandae kama ubao. Fiasco ya Jason Morningstar haina mwendeshaji wala maandalizi. Hali hutengenezwa mezani, kwa dadu na orodha katika toleo lake la kwanza. Hiyo ni njia nzuri ya kuonja kazi kabla hujaibeba peke yako. Na ukinunua kisa kilichokwisha andikwa, usikikariri kama kijitabu cha kanuni. Kisome mara moja, chomoa watu, matakwa, siri na saa, viweke kwenye karatasi yako moja, kitabu kiache pembeni.

Baada ya kikao

Ubao ukiisha unarudi kwenye boksi na wiki ijayo unaanza upya. Hapa ndipo maandalizi ya kikao cha pili yanapoanza, na kumbukumbu hupotea haraka. Kabla ya kulala andika mambo matatu: waliahidi nini na kwa nani, nani amebaki na kinyongo, na jina gani ulilitunga papo hapo. Kisha pitia wale watu wa Hatua ya 4 na ubadilishe mstari wa "asipozuiwa" wa kila mmoja kulingana na yaliyotokea. Kasimu akiwa amepoteza mashua, hawezi tena kuwasha moto. Lakini bado anataka kitu, na sasa anawajua wahusika kwa majina.

Wachezaji wakiwa bado wanakusanya penseli, waulize, "Mkikutana tena mtaanzia wapi?" Wakisema wanamfuata Rehema kisiwani, andaa kisiwa na uache mji kama ulivyo.